Chura Aliyetanguliza Pua

Mudrik alikuwa akichimba msingi wa jiko jipya uani kwa Zubery, upande wa chini unaopakana na bonde la mpunga, jembe lake lilipozama ghafla kama limeingia kwenye chungu. Akalivuta, akainama, akatazama. Kisha akaliweka jembe chini taratibu, akarudi nyuma, akaita wenye nyumba kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika mbali.

Zubery hakuwepo. Alikuwa pwani ya Utende, kwenye kazi yake ya kuendesha boti ya wageni wanaokwenda kumtazama papa potwe, yule papa mkubwa wa madoa. Aliyekuja ni mkewe, Sabra, mkono mmoja kiunoni kwa uzito wa mimba yake ya miezi mitano, na nyuma yake mama mkwe wake, Bi Kijakazi, akijifunga kanga vizuri.

Ndani ya udongo palikuwa na kishimo cha mviringo, kuta zake laini kana kwamba zimesiribwa kwa kiganja. Hakikuwa na mlango. Juu yake palikuwa na udongo mzima, ule uliovunjwa na jembe sasa hivi. Humo ndani alikaa chura mnene, mfupi, ngozi ya kahawia yenye madoa ya manjano yaliyotapakaa mgongoni, amelalia lundo la mayai meupe kama punje za mtama zilizolowekwa.

Hakuruka. Hilo ndilo lililowatisha zaidi. Chura waliyemzoea, ukimfunua, hukimbilia majini. Huyu alibaki palepale, koo likipanda na kushuka.

"Huyu hakuingia mwenyewe," Bi Kijakazi alisema. "Angepita wapi? Amezikwa."

Mudrik alitupa jicho kwenye uzio wa makuti upande wa jirani, akaliondoa upesi, lakini Sabra alikwisha kumwona.

Ng'ambo ya uzio ule aliishi Bimkubwa, mjane aliyekaanga maandazi asubuhi na kulima majaruba yake ya mpunga mchana. Yeye na Zubery hawakuwa wakielewana kuhusu mpaka tangu mwaka uliopita, uzio ulipojengwa upya. Na siku chache nyuma, alfajiri, Bi Kijakazi alipokuwa akitia udhu, alimwona Bimkubwa amechuchumaa karibu na mahali pale, mikono kwenye udongo. Alimsalimu, Bimkubwa akaitikia, akainuka na kwenda zake. Siku ile Bi Kijakazi hakulitia jambo lile maanani. Sasa alilitia.

Sabra alisimama akimtazama chura. Mimba mbili kabla ya hii zilikuwa zimetoka, ya kwanza ikiwa changa, ya pili mtoto ameshaanza kucheza. Hospitalini walimpima, wakampima na mumewe, wakasema hawaoni sababu. Neno hilo alikuwa akitembea nalo kwa miaka. Hawaoni sababu. Kwa hiyo alipomsikia mama mkwe akisema "amezikwa", alichokihisi hakikuwa hofu. Ilikuwa ni nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kumbe sababu ilikuwepo, tena ina jina, na inaishi ng'ambo ya uzio.

Bi Kijakazi alitaka chura achomwe pamoja na mayai yake. Mudrik alikataa kumgusa, akachukua shati lake na kuaga. Mwishowe Sabra akaleta karai la plastiki, akalifunika shimo, akasema wamsubiri Zubery. Kabla ya adhuhuri kitongoji kizima kilikuwa na habari.

Alasiri, mama mkwe alipokwenda kujilaza, Sabra alirudi pale peke yake. Hakujua alichokuwa akikitafuta. Pengine alitaka tu kukitazama vizuri kitu kilichomfanyia yote yale. Akaliinua karai.

Mwanga ulipompiga, chura alijikunyata, kisha akafanya jambo ambalo Sabra hakuwahi kumwona chura akilifanya. Aliinamisha kichwa, akaisukuma pua yake kwenye ukuta wa shimo. Ilikuwa pua ngumu, iliyochongoka, na macho yalikuwa madogo mno, ya kudharaulika. Miguu ya mbele, mifupi na minene, ikaparura udongo kulia na kushoto huku mwili ukijisukuma, kama mtu anayepitisha kichwa kwenye kanzu iliyombana. Baada ya muda mfupi nusu ya mwili ilikuwa imeshapotea ukutani. Halafu akatulia, akarudi kinyumenyume, akayalalia tena mayai yake.

Sabra alichuchumaa hadi miguu ikafa ganzi. Kitu kilichozikwa, aliwaza, hutafuta kutoka. Huyu alikuwa akitafuta kuingia.

Akatoa simu. Chura alipoanza kuchimba tena, akamrekodi.

Zubery aliporudi jioni, mama yake alikuwa ameshamweleza yote kabla hajavua viatu. Alikuja chumbani na uso wa mtu aliyechoka.

"Mama anasema yupo mganga Kirongwe. Anaweza kuja Ijumaa."

"Sawa," Sabra alisema. "Lakini kabla hajaja, nataka nimwoneshe mwalimu Albina."

"Mwalimu atajua nini mambo ya huku?"

"Sitamwuliza mambo ya huku. Nitamwuliza ni chura gani."

Zubery alikaa kitandani. "Wewe unaonaje? Huyu jirani ametufanyia?"

Sabra alikaa karibu naye. "Asubuhi nilikuwa na hakika," alisema. "Sasa sijui."

Albina alikuwa mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari, mwenyeji wa Bukoba, aliyepanga chumba barabarani jirani na msikiti. Sabra alimkuta asubuhi ya Jumamosi akifua. Walifahamiana kwa ajili ya mboga, kwani Albina alinunua mchicha kwake. Aliposikia neno chura alikunja uso.

"Dada Sabra, nikwambie ukweli. Mimi nafundisha vyura, lakini vyura wa pwani siwajui, na kumshika simshiki."

"Humshiki. Tazama tu."

Wakakaa barazani. Albina alikuwa na kitabu cha picha za vyura kwenye simu tangu alipokuwa chuoni, na hakuwahi kukifungua zaidi ya mara moja. Alianza na madoa, maana hayo ndiyo yaliyoonekana kwanza. Akapitisha kidole picha baada ya picha, akasimama.

"Huyu hapa. Kahawia, madoa ya manjano mgongoni. Ona."

Kweli walifanana, madoa kwa madoa. Sabra hakujua kama afurahi au avunjike moyo.

"Anaishi wapi?" aliuliza.

Albina akasoma. "Juu ya miti. Msituni. Ncha za vidole zimetanuka, zinanata, ndizo anazopandia."

"Wetu alikuwa chini ya ardhi."

"Pengine alianguka."

"Chini, mwalimu. Ndani ya udongo uliofungwa. Na vidole vyake havikutanuka. Tazama."

Albina aliikuza picha ya Sabra mpaka kidole cha chura kikajaa kwenye kioo. Kilikuwa chembamba, kimechongoka. Akavuta pumzi. "Basi si yeye. Madoa yametudanganya."

Wakaanza upya, safari hii wakiyaacha madoa. Albina aliuliza, Sabra akajibu. Miguu mirefu au mifupi? Mifupi. Anaruka? Sijamwona akiruka. Palikuwa na maji? Hapana, lakini masika yakishika bonde hujaa mpaka pale, na rasharasha zimeshaulainisha udongo. Hapo Albina akaenda kwenye kurasa za vyura wachimbaji. Walikuwa wengi kuliko walivyodhani, na karibu wote, kitabu kilisema, huchimba kwa miguu ya nyuma, wakididimia kinyumenyume.

"Huyu alitanguliza pua," Sabra alisema, akaifungua video.

Albina aliitazama, akaitazama tena. Kisha akashuka kurasa kadhaa kimyakimya, akasimama, akaanza kusoma polepole, akifasiri kadiri alivyosoma. Mwili wa mviringo, kichwa kidogo, pua ngumu iliyochongoka. Mkunjo wa ngozi nyuma ya macho. Huchimba kwa kutanguliza kichwa. Madoa hutofautiana sana, mwingine ya manjano, mwingine ya kijivu, mwingine karibu hana. Mama hujichimbia chumba kando ya mahali ambapo maji ya mvua yatatuama, hutaga humo, hujifungia na kukaa na mayai akingoja mvua. Maji yakija, huchimba njia kutoka chumbani mpaka bwawani, watoto wakapita humo.

"Hujichimbia mwenyewe?" Sabra aliuliza.

"Ndivyo kitabu kinavyosema." Albina aliiweka simu mapajani. "Lakini nisikudanganye. Nasema anafanana naye. Sijasema ndiye. Picha moja na video moja, na mimi si mtaalamu wa hawa."

"Nitajuaje?"

"Kama ndiye, hatakuwa peke yake. Msimu huu watakuwa wametaga wengi, kandokando ya bonde lote. Mkichimba mkakosa, rudi tufikiri tena."

Njiani Sabra hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikaa kwenye ukuta wa kisima kilichokauka, mkono tumboni. Angeweza kunyamaza. Mwalimu hakumjua Bimkubwa, wala hakuambiwa kwa nini anaulizwa. Ijumaa mganga angekuja, angesoma, kitu kingechomwa, na yeye angejifungua akiamini kwamba ubaya umeondolewa. Asiponyamaza, angerudi kulekule hospitalini, kwenye chumba kile cheupe, mbele ya maneno yale yale. Hawaoni sababu. Aliona uchungu, kama vile amefiwa tena.

Akiwa pale, Bimkubwa alipita na beseni la maandazi kichwani. Kwa kawaida saa ile lilikuwa tupu. Kitambaa juu yake kilikuwa kimetuna.

"Shikamoo," Sabra alisema.

Bimkubwa alisita. Ilionekana hakutarajia kusalimiwa. "Marahaba," alijibu, akaendelea na safari bila kuuliza hali ya mimba, jambo alilokuwa akiliuliza kila walipokutana.

Sabra akainuka.

Bi Kijakazi alisikiliza maelezo yote mpaka mwisho akiwa anapepeta, hakuinua uso. "Picha za simu," alisema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nataka tuchimbe. Si hapa. Tuchimbe kando ya jaruba lako wewe, ambako hakuna mtu anayeweza kufika usimwone."

Zubery, aliyesimama mlangoni, ndiye aliyeukata ubishi. "Mama, kule kwetu baharini wataalamu wanawapiga picha papa potwe, ubavuni, kila mmoja ana mpangilio wake wa madoa. Nimeshawazoea, hata mimi nawajua wengine nikiwaona. Lakini madoa yanakwambia ni yupi tu. Hayakwambii ni kitu gani. Kama wapo vyura wengine chini, wenye madoa mengine, basi hili ni kabila la vyura, si kitu cha mtu. Tuchimbe tuone."

Kesho yake asubuhi walishuka bondeni. Mudrik alikubali kuja baada ya kubembelezwa, na nyuma yao wakaja watu ambao hakuna aliyewaita. Walichimba pembeni mwa jaruba la Bi Kijakazi, mahali nyasi zinapokutana na tope. Hapakuwa na kitu. Wakasogea, wakachimba tena. Mizizi, kaa mdogo, udongo. Bi Kijakazi alikuwa amesimama na mikono kifuani. Jua lilianza kuchoma, baadhi ya watu wakaondoka, na Sabra akaanza kujiuliza kama amejipeleka mwenyewe kwenye aibu.

Ni Zubery aliyekipata. Alikuwa ameacha jembe, anatumia mikono, anaondoa udongo kidogokidogo chini ya kichaka cha nyasi. "Njooni," alisema.

Kishimo cha mviringo, kuta laini, hakina mlango. Chura ndani yake alikuwa mdogo kuliko yule wa uani, wa rangi ya kijivu, madoa machache yaliyofifia. Lakini pua ni ileile, na macho yaleyale madogo, na chini yake lundo la mayai meupe. Mudrik alicheka peke yake, kicheko cha kushusha pumzi.

Bi Kijakazi aliinama akatazama kwa muda mrefu. Hapo sauti ikatoka upande wa pili wa majaruba.

"Chimbeni na kwangu."

Bimkubwa alikuwa amesimama kwenye tuta la mpaka wake. Hakuna aliyejua amekuwepo tangu lini.

"Haina haja, mama," Zubery alisema.

"Haja ipo. Chimba, watu wapo. Msije mkasema kesho kwamba kwangu nilikataza."

Zubery alivuka tuta, kichwa chini, akachimba mahali alipooneshwa. Ilichukua muda, na muda wote ule Bimkubwa hakuondoa macho yake kwa Bi Kijakazi. Chura wa tatu alipatikana karibu na mzizi wa mnazi. Wakamfunika upesi, kama watu waliofungua mlango wa chumba cha mtu bila hodi.

"Na alfajiri ile?" Bi Kijakazi aliuliza. Sauti yake haikuwa na ukali tena, lakini hakuweza kuliacha. "Ulikuwa ukifanya nini pale?"

"Nilichota udongo wa kusiribia jiko langu. Pale una utelezi mzuri, haupasuki." Bimkubwa alijifunga kanga. "Ungeniuliza siku ileile ningekwambia. Hukuniuliza wewe, wala hakuniuliza mtu."

Akageuka akapanda kwake. Watu wakatawanyika wakiongea mambo mengine.

Msingi wa jiko ulihamishiwa juu, karibu na choo. Lile shimo la uani Sabra alilifunika mwenyewe kwa udongo laini, na Zubery akalizungushia vijiti ili asilikanyage mtu. Mganga wa Kirongwe alipigiwa simu, akaambiwa asije. Wapo waliosema, na wanasema mpaka leo, kwamba chura watatu si ushahidi wa kitu chochote. Lakini maandazi ya Bimkubwa yalianza kununuliwa tena, kwanza na watoto waliotumwa, kisha na mama zao.

Masika yalishika wiki iliyofuata. Mvua ilinyesha mchana kutwa, bonde likawa ziwa, maji yakapanda mpaka kwenye vijiti vya Zubery. Ilipopungua, Sabra alitoka na mwavuli. Udongo juu ya shimo ulikuwa umebomoka, na kutoka pale mpaka ukingo wa maji palikuwa na mfereji mwembamba, kama uliochorwa kwa kidole kwenye tope. Ndani ya mfereji vilipita viluwiluwi vyeusi, vingi, vikisukumana kwenye maji yasiyofika hata kina cha ukucha, vikidondokea bwawani. Mama yao hakuonekana.

"Wanakwenda," mtu alisema.

Bimkubwa alikuwa ng'ambo ya uzio, gunia la plastiki kichwani kujikinga na mvua, anatazama mahali palepale.

Walisimama hivyo, kila mmoja upande wake. Sabra alijua kwamba asiposema sasa, hatasema kamwe.

"Nilitaka uwe wewe," alisema. "Nilipoambiwa, niliona nafuu. Hata mwalimu aliponieleza nilitaka ninyamaze."

Bimkubwa alivitazama viluwiluwi. Maji yalikuwa yakimchuruzika begani.

"Mume wangu alipofariki," alisema hatimaye, "nilitafuta mtu mwaka mzima. Ndugu zake, majirani, mpaka aliyemuuzia samaki."

"Ulimpata?"

"Nilimpata. Nikamchukia sana." Akalisogeza gunia. "Hakuwa yeye."

Sabra alingoja aendelee, lakini hakuendelea. Aliuliza tu kama miguu inavimba, na Sabra akasema inavimba jioni, na Bimkubwa akamwambia ailaze juu ya mto. Kisha kila mmoja akaingia kwake, maana mvua ilikuwa inarudi.

Mimba zile mbili zilibaki bila sababu. Sabra aliendelea kuamka na kulala na jambo hilo, na kwa wiki nyingi, kila mtoto aliponyamaza tumboni, alishika ukuta akangoja mpaka acheze. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko chuki, na hakuna aliyemwona akiifanya.

Mwezi wa Julai alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Bimkubwa alikuja siku ya saba pamoja na wanawake wengine, akakaa karibu na mlango, akala, akambeba mtoto kwa muda mfupi, akaondoka mapema. Zubery aliusogeza uzio kidogo upande wake mwenyewe bila kutangaza, na Bimkubwa hakulitaja.

Bi Kijakazi hakuomba radhi. Sabra alimngoja aombe, kisha akaacha kumngoja. Lakini mwezi wa Septemba ulikuja msiba kisiwani Bwejuu, wa mtu aliyehusiana kwa mbali na Bi Kijakazi na Bimkubwa pia, na wanawake wa kitongoji wakashuka pwani kupanda mashua. Sabra alikwenda kuwasindikiza, mtoto begani. Maji yalikuwa yamekupwa, ikabidi watembee kwenye matope mpaka chombo kilipo. Bimkubwa, aliyekuwa akisumbuliwa na goti, alitangulia taratibu akijishikilia kwenye fimbo. Bi Kijakazi alimfuata nyuma, hawasemezani. Mkononi alikuwa ameshika viatu vya wote wawili.